Karata za Bibi Mponda

Mwalimu Dionisi alizisukuma karata motoni, kati ya mafiga, mbele ya mgonjwa. Hakuzichana. Alizikusanya kutoka kwenye ungo, akazilinganisha kingo kama mtu anayetaka kugawa, kisha akainama na kuziingiza chini ya chungu cha uji. Zilikuwa karata za zamani, zimekula mafuta na jasho la mikono kwa miaka zaidi ya kumi, kwa hiyo zilishika moto upesi.

"Sasa nijibu bila hayo makaratasi," alisema, akipangusa vidole kwenye kanzu yake. "Mungu ni nani?"

Bibi Mponda alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, pumzi zikimtoka kwa kukwaruza. Homa ya kifua ilikuwa imemla akabaki mifupa na macho. Aliutazama moto, akamtazama mwalimu, akautazama moto tena.

"Ree," alisema.

"Umesikia?" Dionisi alimgeukia Scolastica, binti wa mgonjwa, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji safi mkono mmoja, kitambaa cheupe mkono wa pili. "Mama yako anamwabudu ree. Unataka nimbatize mtu ambaye Mungu wake ni karata?"

"Mwalimu, hana nguvu za kusema mengi. Ree ni moja. Anataka kusema Mungu ni mmoja."

"Angetaka kusema mmoja, angesema mmoja. Maji ya ubatizo hayamwagwi juu ya kamari."

Akachukua kofia yake, akatoka. Scolastica alibaki amesimama na kile kikombe. Hakujua akiweke wapi. Mama yake alifumba macho, na asubuhi iliyofuata, wakati majirani wanatoka kwenda kufukuza ndege mashambani, alikata roho.

Hayo yalitokea masika ya mwaka 1956 katika kijiji cha Lihondo, upande wa Lupiro. Masika Mto Kilombero ulipofura, Lihondo ilikuwa kama kisiwa. Padre hakuweza kuvuka kutoka misheni ya Ifakara mpaka maji yapungue, na kwa miezi hiyo yote mwalimu wa dini ndiye aliyekuwa kanisa. Dionisi ndiye aliyesalisha, aliyezika, aliyebatiza waliokuwa hatarini, aliyesema nani anafaa na nani hafai. Alikuwa mtu wa kufunga vifungo vyote mpaka shingoni hata jua likiwaka, na watu walimwogopa kuliko walivyomwogopa jumbe wa kijiji.

Karata zilikuwa za Kelestini, mume wa Scolastica. Wakati wa vita alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, akapelekwa Burma, na huko msituni mvua iliozesha kila kitu cha karatasi, vitabu vya sala vikiwemo. Karata ngumu za kikosi ndizo zilizopona. Askari mmoja kutoka Nyasa akamwonyesha namna ya kusali kwa karata, na Kelestini, ambaye hakujua kusoma, akaishika sala hiyo kama alivyoshika bunduki. Alirudi nyumbani na mguu mbovu na kile kifurushi mfukoni.

Ree ni Mungu mmoja. Mbili ni wanyang'anyi wawili waliotundikwa kulia na kushoto. Tatu ni Utatu, nne ni Injili, tano ni majeraha ya Bwana. Sita ni mitungi ya arusi ya Kana. Saba ni sakramenti, nane ni heri alizohubiri mlimani, tisa ni miezi ambayo Maria alimbeba tumboni, kumi ni amri. Ghulamu ni yule askari aliyemchoma mkuki ubavuni. Bibi ni Mama Maria, mfalme ni Kristo. Kopa ni Moyo Mtakatifu, shupaza ni ncha ya mkuki, pau ni mti wa msalaba, na uru ni jiwe lililoviringishwa kaburini.

Kelestini aliitungia wimbo sala hiyo, na wanawake wakauchukua wakawa wanaimba wakati wa kupalilia mpunga, mistari ikienda sawa na majembe:

Ree peke yake, hana mshindani,
Tatu ni mmoja, Baba yumo ndani,
Tano ni vidonda, vyake vya mtini,
Kumi ni amri, zishike moyoni.

Kwa wimbo huo Bibi Mponda alianza kutaka dini. Uzeeni mwake alikuwa amejaribu darasa la Dionisi, akakaa kwenye benchi na watoto, lakini maswali na majibu ya katekisimu hayakumwingia. Aliyachanganya, watoto wakacheka, mwalimu akamwambia arudi nyumbani akalee wajukuu. Akamwendea mkwewe. Mama mkwe hakai na mkwe wake karibu, ndivyo desturi ilivyokuwa, kwa hiyo waliweka ungo katikati, Kelestini anaweka karata moja upande wake na kuisukuma, yeye anaipokea na kuieleza. Kila jioni walikuwa pale uani. Akishika tano ya kopa alikuwa anaipitishia kidole, doa moja moja, na uso wake unabadilika kama mtu anayeangalia kidonda cha mtoto wake.

"Nikibatizwa niitwe Margareta," alisema siku moja.

"Kwa nini Margareta, mama?" Kelestini aliuliza.

"Ni jina refu. Nimechoka na majina mafupi."

Scolastica hakuzipenda karata hizo. Aliziona Jumapili zikiwa kitabu cha sala, lakini Jumamosi aliziona pia kwenye kilabu cha pombe, mume wake akizichanganya kwa mbwembwe na vijana wakiweka mezani hela zao za mpunga. Kamari ni kamari. Dionisi naye alikuwa na sababu zake. Mpwa wake Fransisko alipoteza baiskeli mpya kwenye meza ile ile. Alikuwa anawasimulia watu darasani kwamba wale askari waliogawana nguo za Bwana chini ya msalaba walizigawana kwa karata, ndiyo maana kila karata ina uchafu wa damu ambao hauonekani. Na lilikuwepo jambo lingine, ambalo lilimuuma zaidi ya baiskeli. Padre alipokuja kiangazi kuwapima watu katekisimu, alimuuliza Balbina, jirani wa Scolastica, Mama wa Mungu ni nani. Balbina kwa hofu akajibu, "Bibi wa kopa." Padre alicheka mpaka akavua miwani. Dionisi hakucheka. Tangu siku hiyo alikuwa anatafuta pa kuutua mzigo wa aibu hiyo, akaupeleka kwenye mkeka wa mwanamke anayekufa.

Bibi Mponda alizikwa mchana ule ule kwenye vichuguu, nyuma ya mashamba, wanakozikwa wasiobatizwa na waliojinyonga. Dionisi hakuja. Mvua ilinyesha, kaburi likajaa maji kabla ya maiti kushushwa, na wanaume walilazimika kuyachota kwa kata. Scolastica alisikia sauti ya mkeka ulipogusa matope. Hakulia. Watu walidhani amepigwa na bumbuazi, wakamshika mikono, naye akaitoa mikono yake.

Waliporudi nyumbani alimkuta Kelestini ameketi nyuma ya jiko, mguu mbovu ameunyoosha mbele.

"Jana ulikuwa wapi?" alimuuliza.

"Nilikuwa hapa hapa."

"Hapa nyuma ya ukuta?"

"Ndiyo."

"Umesikia yote?"

"Nimesikia."

"Na hukuingia."

"Mama Aurelia," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao, "ningeingia ningempiga."

"Ungempiga!" Sauti yake iliwafanya kuku waruke. "Si ungempiga basi! Mama yangu amelala anaangalia moto unakula kitu pekee alichojifunza, na wewe uliyemfundisha umejificha nyuma ya ukuta kama mwizi wa kuku. Unajua kwa nini hukuingia? Kwa sababu ya Jumamosi. Uliogopa ataitaja kamari yako mbele ya mkweo. Ungekuwa unasali nazo tu, ungekuwa na mdomo."

Ilikuwa kweli, na Kelestini alijua. Alichukua kijiti akawa anachora chora chini, na hilo lilimkasirisha Scolastica zaidi kuliko kama angemjibu.

Matanga yalikuwa hayajaondolewa alipofunga kanga kiunoni na kumwendea Hermenegildi, mvuvi, kumwomba amvushe kwenda Ifakara.

"Mto una hasira, dada," Hermenegildi alisema. "Na viboko wamepanda mpaka mashambani."

"Mimi pia nina hasira. Twende."

Mtumbwi ulipita juu ya mashamba yaliyozama, vichwa vya mpunga vikikwaruza ubavuni. Walipofika katikati ya mto Hermenegildi alipiga kasia, na Scolastica akawa anachota maji yaliyokuwa yanaingia. Waliposhuka ng'ambo, aliivua ndara yake iliyokatika akaitupa, akaenda kwa miguu kwenye matope mpaka akapita Lipangalala, mpaka akafika misheni. Watu waliomsalimu njiani aliwaitikia kwa mkato.

Padre Viktor alikuwa nyuma ya nyumba akitengeneza baiskeli, mikono imejaa grisi, ndevu zimefungwa kwa uzi zisiingie kwenye mnyororo.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Shikamoo, Padre."

Alimsimulia yote akiwa amesimama. Alipofika kwenye karata, Padre alitabasamu kidogo. "Hata kwetu, nilipokuwa mdogo, wazee walikuwa na hadithi ya askari aliyesali kwa karata," alisema. "Sikujua kwamba imefika mpaka Lihondo."

"Usicheke, Padre. Mama yangu amekufa."

Tabasamu likatoweka. Alifuta mikono kwa tambara, akakaa kwenye ngazi, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha aliuliza jambo ambalo Scolastica hakulitegemea.

"Maji yalikuwepo?"

"Yalikuwepo. Niliyashika mimi mwenyewe, kwenye kikombe."

"Na mwalimu alipoondoka, ulikuwa bado umeyashika?"

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini hukummwagia?"

Scolastica alidhani hakusikia vizuri. Padre huyu aliongea Kiswahili vizuri, lakini wakati mwingine maneno yalimponyoka. "Nani? Mimi?"

"Wewe, au mume wako, au jirani. Mtu akiwa katika hatari ya kufa, na padre hayupo, mtu yeyote anaweza kumbatiza. Hata asiye Mkristo, akiwa na nia ya kufanya linalofanywa na Kanisa. Unamwaga maji kichwani na kusema maneno." Alimtazama usoni. "Mwalimu Dionisi anapaswa kuwafundisha hili kila mwaka. Limo kwenye katekisimu."

Nyuma ya nyumba palikuwa na mti wa mpapai. Scolastica aliutazama ule mti kwa muda mrefu. Siku ile kikombe kilikuwa mkononi mwake. Alikuwa amekishika mpaka usiku ukaingia, kisha akayanywa maji yale mwenyewe, kwa sababu kiu ilikuwa imemshika.

"Maneno yenyewe ni yapi?" aliuliza.

Padre aliyasema polepole. "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Ni maneno ambayo mtoto mdogo angeyashika. Alikuwa ameyasikia kila mwaka kanisani tangu utoto, akidhani ni mali ya wanaume wenye kanzu. Alijisikia kama mtu aliyelala na njaa nyumba imejaa chakula, na aliyekificha chakula anamhubiria habari ya kufunga.

Padre alimweleza jambo lingine. Alisema mtu aliyeutamani ubatizo kwa moyo wake wote, akafa kabla ya kuupata, Mungu hamfungii mlango. Tamaa yake yenyewe inahesabiwa. "Mama yako aliutamani. Amini hivyo. Mimi naamini."

"Kwa hiyo alikufa Mkristo."

"Mbele ya Mungu, ndiyo."

"Basi anafanya nini kwenye vichuguu?"

Padre Viktor alivuta pumzi. "Maji yakipungua nitakuja. Nitalibariki kaburi pale pale lilipo."

"Nataka ahamishiwe makaburi ya kanisa."

"Kufukua maiti kuna sheria yake, mama. Kunahitaji ruhusa ya bwana shauri, mkuu wa wilaya, huko Mahenge. Subiri. Na nitazungumza na Dionisi, nakuahidi. Lakini elewa, Lihondo sina mtu mwingine."

"Hata sisi hatuna mwingine, Padre," Scolastica alisema. "Yeye analijua hilo. Ndiyo maana anatufanya anavyotaka."

Aliaga kwa adabu, akapiga goti akabarikiwa, na hakusubiri.

Alirudi Lihondo kesho yake asubuhi, na kabla ya kuingia ndani alichukua jembe ukutani. Alikwenda moja kwa moja makaburi ya kanisa, akachagua mahali pakavu karibu na kaburi la Raimundi aliyejenga kanisa la kwanza la nyasi, akaanza kuchimba. Wanawake waliokuwa wakienda mashambani walisimama njiani na vikapu vyao. Balbina akamkaribia.

"Unamchimbia nani?"

"Mama."

Balbina aliangalia lile shimo dogo, akaweka kikapu chini, akaenda kuleta jembe lake.

Habari zilimfikia Dionisi haraka. Alikuja akiwa amefunga vifungo vyote, kitabu cha ibada kwapani, na nyuma yake kundi la watu waliotaka kuona.

"Nani amekuruhusu kuchimba hapa?"

Scolastica hakuacha kuchimba. "Ulijua?"

"Nilijua nini? Nakuuliza, nani amekuruhusu? Nitamwita jumbe. Utalala Mahenge kwenye jela."

Sasa aliacha. Aliliegemea jembe, uso una matope mpaka kwenye nyusi, na akaongea kwa sauti ambayo watu waliokuwa mbali waliisikia vizuri. "Nimetoka kwa Padre. Amesema mtu akiwa anakufa, yeyote anaweza kumbatiza. Mimi ningeweza. Kelestini angeweza. Hata Hermenegildi na magamba yake ya samaki mikononi angeweza. Amesema unapaswa kutufundisha kila mwaka. Nakuuliza mbele ya watu hawa, mwalimu. Siku ile unatoka nyumbani kwangu na mimi nimeshika maji, ulijua?"

Dionisi aliwatazama watu kama anayetafuta wa kumsaidia.

"Jibu," alisema Scolastica.

"Nilijua," alisema. "Ndiyo, nilijua! Ningewaambia ingekuwaje? Mngebatiza ovyo. Mngebatiza walevi, mngebatiza mbuzi. Nyinyi mnaomwita Mama wa Mungu bibi wa kopa! Sakramenti ni kitu kitakatifu. Mtu lazima ailinde."

Hapo ndipo Balbina aliposogea mbele. Alikuwa mwanamke mpole, anayeongea akitazama chini, lakini sasa alikuwa anamtazama usoni.

"Na mwanangu?" alisema.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwaka uliotangulia Balbina alijifungua mtoto dhaifu, na Dionisi alikuwa amesafiri kwenda Mang'ula kwa arusi ya ndugu yake. Waliamua kumngoja. Balbina alimkumbatia mtoto kifuani, akimwomba avumilie, avumilie tu mpaka mwalimu arudi. Mtoto hakuvumilia. Dionisi aliporudi, aliagiza azikwe kwenye vichuguu.

"Mwalimu, nilikuwa na maji ndani ya nyumba," Balbina alisema. "Mtungi ulikuwa umejaa. Mwanangu alikufa mtungi umejaa."

Mwanamke mwingine nyuma ya kundi alianza kulia kwa sauti, na mwingine akasema jina la marehemu wake, na mwingine akataja la wake. Dionisi alirudi hatua, akajikwaa kwenye udongo uliochimbwa, kitabu kikamdondoka. Hakuna aliyemgusa. Alikiokota, akakipangusa kwenye kanzu, akaondoka akiwa anatembea haraka.

Kelestini alifika anachechemea na jembe begani. Hakuomba msamaha, maana aliuona uso wa mke wake.

"Kule kwenye vichuguu nitafukua mimi," alisema. "Wewe usiangalie."

"Nitaangalia," Scolastica alimjibu.

Ilikuwa kazi mbaya. Mkeka ulikuwa umelowa ukaanza kukatika, na ilibidi wanaume waingize mwingine chini yake. Harufu iliwafanya baadhi watoke pembeni kutapika. Kelestini, ambaye vitani alikuwa amezika wenzake wengi, alikuwa analia waziwazi huku akifanya kazi, kamasi zikimtoka, bila kuacha. Scolastica alisimama pale mpaka mama yake alipotoka matopeni. Balbina naye alikuwa anazunguka kati ya vichuguu akiinama na kuchunguza ardhi. Mvua za misimu miwili zilikuwa zimesawazisha vilima vidogo vyote, nyasi zimeota. Alisimama mahali, akahama, akasimama mahali pengine, na mwishowe akarudi kwa wenzake na mikono mitupu.

Walipomshusha Bibi Mponda katika kaburi lake la pili, watu walisimama, kila mmoja akingoja wa kusalisha. Mwalimu hakuwepo, kitabu hakikuwepo, na Kelestini alikuwa bado analia. Scolastica aliona wote wanamtazama yeye.

"Ree," alisema. "Ni Mungu mmoja."

Sauti yake ilikuwa kavu, haikuwa sauti ya sala. Aliyasema kama mtu anayegombana. "Mbili, wanyang'anyi wawili. Tatu, Utatu Mtakatifu. Nne, Injili. Tano, majeraha ya Bwana. Sita, mitungi. Saba, sakramenti, na ya kwanza ni ubatizo. Nane, heri. Tisa..."

Alikwama. Hakuwahi kuzipenda karata, hakuwahi kukaa kwenye ule ungo hata mara moja. Mama yake alimwita mara nyingi, njoo uone mwanangu, njoo nikuonyeshe, na yeye kila mara alikuwa na kazi.

"Tisa ni miezi," Balbina alisema, mkono wake ukiwa tumboni mwake. "Miezi ya Maria."

"Kumi ni amri," wakasema wanawake wengine, na kuanzia hapo walikwenda pamoja mpaka ghulamu, mpaka bibi, mpaka mfalme. Kisha Scolastica alisema, "Pumzika, Margareta," na watu wakaanza kurudishia udongo.

Jumbe alikuja jioni, akaliangalia kaburi, akauliza maswali mawili matatu, akasema atapeleka habari Mahenge. Kama alipeleka, hakuna aliyesikia jibu.

Maji yalipopungua Padre Viktor alivuka. Aliwakaripia kwa kutosubiri, kisha akavaa stola yake shingoni akalibariki kaburi, na jina la Margareta likaandikwa msalabani. Nyumbani kwa mwalimu alikaa muda mrefu mlango umefungwa. Jumapili iliyofuata Dionisi alisimama mbele ya waumini akafundisha jinsi ya kubatiza mtu aliye hatarini. Alifundisha kwa sauti iliyokufa, macho kwenye ukuta wa nyuma, akamaliza upesi. Aliendelea kuwa mwalimu wa dini wa Lihondo.

Watu walimwambia Scolastica kwamba sasa imekwisha, ameshinda. Yeye hakuona alichoshinda. Alianza kuzunguka nyumba kwa nyumba, kwa wajawazito na wenye wagonjwa, na kwenye mashamba wakati wa kuvuna. Hakuwa na upole wa mwalimu. "Sema," alikuwa anamwambia mtu. "Sema tena. Maji umwage kichwani, siyo kwenye nguo. Sema tena, nisikie." Wasichana walimwogopa, lakini waliyashika maneno.

Kelestini alinunua karata mpya dukani Ifakara. Alizileta nyumbani akaziweka mbele ya mke wake, hajazifungua.

"Utazichezea wapi?" Scolastica alimuuliza.

"Hapa uani."

"Na kilabuni?"

"Watu watanicheka."

"Wacha wakucheke. Nikizikuta kilabuni mara moja tu, Dionisi hatakuwa mtu pekee wa kijiji hiki aliyechoma karata."

Kelestini alicheka, akidhani ni utani, kisha akamwona usoni akaacha kucheka.

Kiangazi, nyasi za vichuguuni zilipochomwa moto na ardhi ikabaki wazi na nyeusi, Balbina alimwomba Scolastica amsindikize kwenda kutafuta tena kaburi la mwanawe. Walikuwa wawili tu wanapapasa ardhi walipomwona Dionisi anakuja kwenye njia ya mashamba akisukuma baiskeli yake.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema.

"Milele, amina," walimwitikia, kwa kuwa salamu ile haikuwa yake.

Alisimama mbali kidogo. Kifungo cha juu cha shati lake kilikuwa wazi. "Mtoto," alimwambia Balbina. "Nadhani ni pale. Karibu na kichuguu kile kilichopasuka."

"Una hakika, mwalimu?"

Alitazama huku na huku. Vichuguu vilivyopasuka vilikuwa vingi. "Hapana," alisema. "Sina hakika."

Balbina alikaa chini palepale alipokuwa, akafunika uso kwa kanga. Dionisi alikohoa. Ilionekana anataka kusema jambo, pengine alikuwa amelitayarisha njiani, lakini Scolastica hakutaka kulisikia. Alikwenda akachukua panga lililokuwa kwenye kikapu chake, akamnyooshea upande wa mpini.

"Kakate fito za ua," alimwambia. "Zungushia pote. Vichuguu vyote, kutoka hapa mpaka kwenye mti ule wa mtondoo. Kwa kuwa hujui ulimweka wapi, zungushia pote."

"Ni kazi ya siku nyingi, Scolastica."

"Ndiyo."

Dionisi alilipokea panga. Aliegemeza baiskeli kwenye kichuguu, akavua koti, akaenda kwenye vichaka vya mtoni, na baada ya muda wakasikia mti wa kwanza unakatwa. Hakuwa amezoea. Alikata vibaya, na mikono yake ilitoka malengelenge siku ileile. Scolastica alirudi kila siku kuangalia, akasimama kando, na siku fito ya mwisho ilipoingia ardhini aliitikisa kuona kama imeshika, akachukua panga lake, akaenda zake bila kumuaga.